Dole gumba la mjomba, na sisi tunaojiita wanasheria

Najua nimepotea. Wale waliokuwa wananong'ona kwamba nimedisko, poleni sana, bado nipo! Ilikuwa UE, halafu nikaenda nyumbani Chanzuru, na huko ndiko nilikookota mada ya leo. Ni ndefu kidogo na ina hasira ndani yake. Kama una kipindi saa hizi, nenda kwanza, utanikuta hapa hapa.

Kwa wasiopajua, Chanzuru ni kata katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, jirani na Ilonga kule kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ukitoka Moro mjini unapita Dumila, unaiacha njia ya Dodoma, unashika ya Kilosa. Babu yangu mzaa mama alifika pande hizo akiwa manamba, kutokea Songea. Wengi wenu mnalijua hilo neno: watu walioletwa kwa namba kukata mkonge. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao kabisa ya kukusanya vibarua mikoani, ikiitwa SILABU. Mtu anapewa kipande, anatimiza siku 30 za kazi, ndipo anahesabiwa ujira wake. Na chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya 1923, kibarua akiacha kazi kabla ya muda, hilo lilikuwa kosa la jinai. Unatoroka kazi unafungwa! Babu hakuwahi kuisoma sheria hiyo, iliandikwa kwa Kiingereza. Aliijua kwa kuiona ikifanya kazi.

Sasa basi. Nimefika nyumbani jioni, sijavua hata viatu, mjomba huyo. Ni mdogo wake mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mwanasheria wetu umekuja? Basi leo nalala usingizi."

Akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani karatasi mbili, Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mchwa. Chini kabisa kuna dole gumba lake, wino wa bluu. Mjomba amefanya kazi kwenye shamba moja kubwa kwa miaka minne na zaidi. Shamba gani sisemi, na zao gani sisemi, msiniulize kwenye maoni. Siku moja msimamizi kamwambia usije kesho, kazi imepungua, utaitwa. Akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Ndiyo akaikumbuka ile karatasi waliyowekeshwa dole, akasema mpwa wangu anasoma sheria, ataniambia imeandika nini.

"Ulijua ni karatasi ya nini, mjomba?"

"Walisema ni fomu ya kupokelea mshahara."

Wadau, nikaisoma. Haikuwa fomu ya kupokelea mshahara. Ilisema mjomba wangu si mwajiriwa. Ilisema yeye ni mkandarasi huru, mfanyabiashara anayejitegemea, ambaye amekubaliana na kampuni kutoa huduma kwa miezi mitatu mitatu, na kwamba kwa kuwa si mwajiriwa hana likizo, hana notisi, hana kiinua mgongo. Mjomba, ambaye jembe lenyewe anapewa na shamba, anaambiwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, na akichelewa anakatwa! Mfanyabiashara!

Alipoelewa alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa duka langu liko wapi?"

Tukacheka. Halafu nikamwuliza ni lini alisimamishwa. Tukahesabu kwa vidole, kwa siku za gulio na za ibada, tukapata siku 41.

Hapo ndipo kicheko kiliponiishia. Mwanafunzi yeyote wa sheria ya kazi anajua: mtu akiachishwa kazi isivyo halali, anatakiwa apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Imo kwenye kanuni za 2007. Mjomba kapitiliza siku 11.

Na ninyi ambao mnanijua mtanisamehe kwa hili linalofuata. Mjomba alinipigia simu. Alinipigia kwenye wiki ya kwanza tu ya kusimamishwa. Nilikuwa nimekaa na madesa, kesho yake nina mtihani wa, mnajua wa nini? Wa sheria ya kazi!! Nikamwambia, mjomba nipo bize, nitakupigia. Sikumpigia. Nilikuwa nakariri siku 30 ili nikaziandike kwenye karatasi ya mtihani, huku siku 30 zenyewe zinamwishia mtu wa damu yangu. Nilipata alama nzuri. Naona aibu hata kuitaja.

Basi hii si stori ya mwajiri mbaya tu. Wapo, na watakuwepo. Hasira yangu leo naielekeza kwetu sisi. Nasema hivi: mambo ya msingi kabisa ya sheria, yale ambayo kila anayefanya kazi na kila anayeuza na kununua anayahitaji, tumeyafungia kwenye lugha ambayo mwenye haki haijui, halafu tunamwambia kutojua sheria si utetezi. Hiyo ni dhuluma, na sisi wanafunzi ni sehemu ya kufuli.

Hebu tuichukue hiyo karatasi ya mjomba, maana yote tuliyosoma miaka mitatu yamo kwenye kurasa zile mbili.

Kwanza, mkataba. Sheria yetu ya mikataba ni ya 1961, na ilitolewa karibu yote kwenye sheria ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliitunga huko. Ni ya zamani, lakini ina busara. Inasema mapatano yanakuwa mkataba pale ambapo watu wenye uwezo wa kuingia mkataba wameridhia kwa hiari, kuna nipe nikupe ya halali, na lengo lenyewe ni halali. Na ridhaa ni nini? Kifungu cha 13: watu wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Rudia mwenyewe taratibu. Jambo lile lile. Maana ile ile. Mjomba alidhani anakubali kupokea mshahara. Kampuni ilidhani, au ilijifanya inadhani, kwamba mjomba anafungua biashara. Jambo lile lile liko wapi hapo?

Najua mshkaji mmoja wa viti vya mbele ataniletea L'Estrange dhidi ya Graucob, ile kesi ya Uingereza ya 1934. Mama mmoja kanunua mashine ya kuuzia sigara, kasaini karatasi ya maandishi madogo bila kusoma, mashine ikawa kimeo, mahakama ikasema umesaini umefungwa. Sawa. Ni nondo nzuri. Lakini yule mama wa Uingereza angetaka kusoma angesoma, lugha ilikuwa yake! Kosa lake lilikuwa uvivu wa macho. Mjomba angekesha na kurunzi asingepata neno hata moja.

Halafu, na hili ndilo linaloniuma, kwenye ajira Bunge letu lilishaliona hili zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi: kazi gani, inaanza lini, ni wapi, saa ngapi, ujira kiasi gani na unakokotolewaje. Na kama mwajiriwa haelewi hayo maandishi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuhakikisha yanaelezwa kwa namna ambayo mwajiriwa ataelewa. Mwajiri! Siyo mpwa aliyeko chuoni. Na ikifika kwenye shauri mwajiri akawa hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa uko kwake. Sasa niambieni, ni wafanyakazi wangapi wa mashambani Kilosa wanajua kwamba kipengele hicho kipo? Kimeandikwa kwa ajili yao kwa Kiingereza. Ni kama kumwachia kipofu ujumbe ukutani kwamba mbele kuna shimo.

Pili, hilo jina la "mkandarasi huru". Hapa ndipo sheria ya biashara na sheria ya kazi zinapopigana mieleka. Kuna mkataba wa kibiashara: fundi anakuja na vifaa vyake, mnapatana bei ya paa zima, anamaliza anaondoka kwenda kwa mteja mwingine. Na kuna mkataba wa ajira: unamfanyia mtu kazi chini ya amri yake. Tofauti hii haihitaji digrii. Kila mtu Chanzuru anaijua, ndiyo maana mjomba aliuliza duka lake liko wapi. Na sheria inakubaliana na mjomba! Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umepewa umbo gani, ikiwa lipo hata moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shirika hilo, kwa miezi mitatu iliyopita amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vifaa naye, au anamfanyia kazi huyo peke yake. Mjomba anayo yote saba. Na ule ujanja wa miezi mitatu mitatu nao haufui dafu, kwa sababu ile miezi sita ya kazi inayotakiwa ili mtu alindwe dhidi ya kuachishwa isivyo haki inahesabiwa kwa mwajiri yule yule, uwe mkataba mmoja au zaidi.

Msidhani ni mambo ya bongo tu. Kwenye sheria linganishi tulipewa kazi ya Uhispania, na mwanzoni nililalamika, Wahispania wananihusu nini? Kumbe wananihusu. Kule vijana wa kupeleka vyakula kwa baiskeli na pikipiki waliambiwa hivyo hivyo: ninyi si waajiriwa, ni wafanyabiashara wanaojitegemea. Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya Uhispania ikasema kijana wa Glovo ni mwajiriwa, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuwalinda wasambazaji wanaoongozwa na programu za simu. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikasema madereva wa Uber waliofungua ile kesi ni wafanyakazi wenye haki zao. Mkandarasi huru wa Madrid na mkandarasi huru wa Chanzuru ni ndugu wa toka nitoke.

Ila kuna kitu kinawatenganisha. Yule wa Madrid, katiba ya nchi yake ya 1978 inayosema kila Mhispania ana haki ya kufanya kazi, sheria ya wafanyakazi iliyotungwa 1980, na mkataba alioutia saini, vyote viko kwenye lugha anayomtukania refa. Akidhulumiwa, anaisoma dhuluma yake mwenyewe. Kule muda wa kupinga kufukuzwa ni mfupi kuliko wetu, siku 20 za kazi, lakini siku 20 unazozijua ni ndefu kuliko siku 30 usizozijua.

Tatu, nani wa kushtakiwa. Mjomba alitaka amshtaki msimamizi. Nikamwambia hapana, kampuni ni mtu. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Ile kesi ya Salomon ya 1897 tunaipenda sana hapa kampasi, tunaitaja mpaka kwenye foleni ya msosi, lakini kumweleza mjomba kwamba kampuni ni mtu wa kisheria mbali na wenye hisa na mbali na msimamizi ilinichukua robo saa na mfano wa msikiti: waumini wanakuja na kufa, imamu anabadilika, msikiti unabaki na uwanja wake na deni lake la maji. "Ahaa," akasema, "kumbe." Tukatazama jina la kampuni kwenye karatasi. Si lile lililoandikwa getini! Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote ikabidi kujua ni kampuni gani imesajiliwa kwa jina lipi BRELA. Mtu asiyejua angemshtaki msimamizi, akashindwa kwa kumkosea mdaiwa, akarudi nyumbani akasema sheria ni ya wenye nacho. Na usingeweza kumlaumu.

Nne, katiba. Hapa wadau naomba mtulie, maana ndipo penye hoja yangu yote. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ipo kwa Kiswahili. Sheria mama, ile ambayo sheria nyingine ikipingana nayo inabatilika! Imo humo ibara ya 13, watu wote ni sawa mbele ya sheria na mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ibara ya 22, kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Ibara ya 23, ujira ulingane na kazi na anayefanya kazi apate malipo ya haki. Ibara ya 107A, mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Yote hayo kwa Kiswahili, na hakuna aliyekufa.

Sasa mwenye kusema Kiswahili hakina maneno ya kisheria anijibu: kimewezaje kubeba dola nzima, na Bunge, na Rais, na Muungano, na mgawanyo wa madaraka, halafu kishindwe kubeba mkataba wa kurasa mbili wa kibarua? Kiswahili kimeweza kusema Rais anapatikanaje, kishindwe kusema mjomba analipwaje?

Na hayo maneno yapo. TUKI walitoa kamusi ya sheria tangu 1999. BAKITA ipo tangu 1967. Mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili miaka nenda rudi, za ndoa, za mirathi, za madeni, za wizi wa kuku, na watu wanafungwa na kuachiwa kwa Kiswahili hicho hicho "kisichojitosheleza". Na pale ambapo hakuna neno la kamusi, kuna neno la mtaani. Kile ambacho sisi tunakikariri wiki nzima kwenye somo la mikataba, sokoni wanakiita nipe nikupe. Mkulima anayejaziwa gunia mpaka linafungwa kilemba juu, halafu analipwa bei ya gunia moja, haitaji mhadhara wa sheria ya vipimo. Anasema lumbesa ni wizi, na sheria ya vipimo nayo imekataza. Dhana wanazo. Kinachokosekana ni sisi kuwapa vifungu.

Kuna watakaosema Kiingereza ni lugha ya biashara, kuna wawekezaji, kuna Afrika Mashariki. Sikatai. Mimi mwenyewe nataka siku moja nisimame mahakamani Arusha nikitema yai kama kawaida. Mwekezaji aandikiwe kwa Kiingereza, na ndugu yake wa Beijing kwa Kichina. Lakini mkataba una pande mbili! Kwa nini upande mmoja tu ndio uusome? Kwenye yale makambi ya mkonge walikutana Wangoni, Wabena, Wasagara, Wakaguru, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka, na waliweza kufanya kazi, kuoana, kudaiana na kuzikana kwa Kiswahili. Kambini kila mtu alijifunza Kiswahili isipokuwa karatasi.

Wengine mtasema hilo limeshatatuliwa. Ni kweli hatua imepigwa na sitaki kuwa mnyimi wa sifa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale ambapo haki itakihitaji. Mwaka huo huo, Siku ya Sheria, Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepharine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Nilifurahi sana. Lakini sheria ile inazungumzia sheria na mahakama. Karatasi aliyowekeshwa dole mjomba haijafika mahakamani, na nyingi hazifiki kamwe, kwa sababu mwenye dole hajui kwamba ana kitu cha kupeleka. Haki inapotelea hapo, kati ya wino wa bluu na mlango wa Tume.

Na sisi? Sisi tunafundishwa kwa Kiingereza, tunajibu kwa Kiingereza, tunatambiana kwa Kilatini. Nilijipima mwenyewe: miaka mitatu, na robo saa nzima kueleza kampuni ni nini! Jipimeni na ninyi. Chukua dhana moja, ridhaa, au kuachishwa kazi isivyo haki, mweleze mama yako kwenye simu bila neno hata moja la Kiingereza. Ukishindwa, hujaielewa, umeikariri. Mimi nadhani wengi wetu tunaupenda ugumu huu. Unatufanya tuonekane. Mjomba akija na bahasha mkononi na heshima machoni, kuna raha fulani, tusidanganyane. Ile raha ina bei, na anayeilipa siyo sisi.

Tulichofanya na mjomba ni hiki. Kesho yake alfajiri tulipanda gari mpaka Morogoro, ofisi ya Tume. Kupeleka lalamiko pale hakuna ada, hilo nalo mjomba hakulijua, alikuwa ameshaanza kufikiria kuuza mbuzi. Tumejaza fomu ya mgogoro, na pamoja nayo maombi ya kuongezewa muda, kwa sababu Tume inaweza kupokea lalamiko lililochelewa kama kuna sababu ya msingi. Na hapa sheria ilitubana. "Sikujua" haihesabiki kuwa sababu ya msingi. Mtu aliyewekeshwa dole kwenye lugha asiyoijua, chini ya sheria ya lugha asiyoijua, haruhusiwi kusema sikujua! Tukaandika ukweli mwingine: kwamba aliambiwa asubiri ataitwa, akasubiri kwa nia njema, kwamba siku zilizopitiliza ni 11, na kwamba madai yake yana uzito. Tukaandika kwa Kiswahili. Mjomba akasomewa mstari kwa mstari, akasimamisha mara mbili kusahihisha, kisha akaomba kalamu. Akakataa wino wa dole. Jina lake anajua kuliandika, siku ile ya kwanza hakuna aliyemwuliza.

Tunasubiri. Inawezekana tukakataliwa. Ikiwa hivyo, miaka minne ya mjomba itakuwa imepotea kwa siku 11, na mimi nitajua saba za mwanzo zilikuwa mikononi mwangu.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja, hasa mnaosoma sheria na mnaokwenda likizo vijijini. Andikeni karatasi moja kwa Kiswahili, herufi kubwa, mkaibandike ofisi ya kijiji, gengeni, kwenye kijiwe cha bodaboda, msikitini na kanisani. Yangu ya Chanzuru inasema hivi:

1. Usiweke saini wala dole kwenye usichokielewa. Mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha unaelezwa kwa namna unayoielewa. Omba nakala.

2. Kuitwa kibarua au mkandarasi hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Nani anakupangia saa? Nani anakupa jembe?

3. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tangu siku ile kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Hakuna ada.

4. Ukiambiwa "utaitwa", endelea kuhesabu siku.

5. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye karatasi, siyo la getini.

Mistari mitano. Ilinichukua jioni moja. Kama ningeiandika mwaka wa pili, tulipomaliza mada hiyo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Mwenye hoja ya kunipinga, uwanja ni wenu hapo chini, ila pinga kwa Kiswahili. Na simu ikiita kutoka nyumbani wakati unabukua, pokea.

Nawasilisha.